Barua ya Kufunga Muhula wa Kwanza: Madarasa ya Masoko, Nidhamu na Ada

Ndugu Wazazi na Walezi,

Tafadhali husikeni na kichwa cha barua hapo juu.

Shule inafunga Ijumaa hii baada ya chai ya saa nne. Ripoti za maendeleo zitakabidhiwa kwa mzazi au mlezi mwenyewe, si kwa dereva wa bodaboda. Kidato cha Nne watabaki kambini kama tulivyokubaliana kikaoni.

Ninalotaka kulieleza kwa kirefu ni madarasa ya hiari ya masoko. Mtakumbuka kwamba mwezi Januari tuliwapa wanafunzi wa Kidato cha Tatu wanaosoma Biashara nafasi ya kuchagua fani moja kati ya tatu: masoko ya utalii, masoko ya kahawa, au masoko ya mavazi. Wapo wazazi waliouliza kwa nini tusiwafundishe wote darasa moja, kwa kuwa bidhaa, bei, usambazaji na utangazaji ni vile vile kila mahali. Muhula huu wanafunzi wenyewe wamelijibu swali hilo. Waliokwenda Soko la Memorial mjini Moshi waliona muuzaji wa mitumba akifungua belo asubuhi, akitenga nguo za gredi ya kwanza kwa wateja wake wa kudumu, kisha akiishusha bei ya zilizobaki kadiri jua lilivyopanda. Wenzao wa utalii walijifunza kwamba nafasi ya mgeni iliyokosa mtu leo haiwezi kuwekwa ghalani iuzwe kesho. Wale wa kahawa walikutana na soko ambalo mnywaji wake wa mwisho hamjui kabisa mkulima: walishangaa kusikia kwamba huko Japani kahawa ya Tanzania ya aina ya arabika huuzwa kwa jina la Kilimanjaro, hata ile iliyolimwa Mbinga au Mbeya, nao wakamuuliza mwalimu wao ni nani hasa anayenufaika na jina la mlima wetu. Mwalimu huchoka kazini, lakini swali kama hilo likitoka kwa mtoto wa miaka kumi na sita humpa nguvu ya mwaka mzima.

Mlioshuhudia maonyesho ya Jumamosi mtakubaliana nami kwamba kikundi cha utalii kilitutoa kimasomaso. Mwanzoni walikuwa wameandaa matembezi ya kutwa nzima hadi kwenye maporomoko ya Materuni, wakiyalenga kwa wageni wanaoteremka mlimani. Mzazi mmoja ambaye ni mwongoza wageni aliwauliza mbele ya watu kama waliwahi kumwona mtu aliyeshuka kutoka kileleni akiteremka ngazi za hoteli kwa miguu inayomuuma. Hawakubisha, wala hawakuona haya. Waliomba dakika chache, wakaenda nyuma ya ukumbi, wakarudi na mpango mwingine: mgeni afuatwe hotelini kwa gari, aketi kivulini kijijini, akaange kahawa kwenye chungu, aitwange kwenye kinu, ainywe pale pale, na arudishwe kabla ya jioni. Bei nayo waliipanga upya, wakatenga fungu la mama mwenye shamba kabla ya kuhesabu faida yao. Binti aliyewasilisha mpango huo alikuwa hawezi kusoma aya moja mbele ya darasa alipoingia Kidato cha Kwanza. Ninampongeza yeye, wenzake, na mwalimu wao wa Biashara ambaye hakuwapa jibu hata pale walipomwangalia kwa macho ya kuomba msaada.

Sasa naingia kwenye jambo lililonisikitisha, na sitalipunguza uzito. Katika maonyesho hayo hayo, kikundi kimoja cha kahawa kiliweka mezani pakiti za kahawa ya kusaga zilizoandikwa kuwa ni arabika halisi ya Kilimanjaro, daraja AA, na kwenye kona ya kila pakiti palibandikwa stika yenye nembo ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Mzazi mwenye uzoefu wa kuonja kahawa alifungua pakiti moja, akamimina kidogo kiganjani, akanusa, kisha akaniita pembeni. Tulipowahoji wanafunzi, walikiri kwamba kahawa ile ilinunuliwa dukani, ikachanganywa na nyingine ya bei ya chini, na ikafungashwa upya bwenini. Daraja AA hupimwa kwa ukubwa wa punje kabla ya kukaangwa; kahawa ikishasagwa, mnunuzi hana njia ya kulihakiki kwa macho, kwa hiyo hubaki akitegemea neno la muuzaji peke yake. Nembo ya TBS nayo haitumiki bila leseni, na kuibandika kiholela ni kosa chini ya Sheria ya Viwango ya mwaka 2009. Haya yametendeka katika mkoa ambao wakulima wake waliunda KNCU, chama chao kikuu cha ushirika, mwaka 1933 ili kahawa yao iuzwe kwa haki, na baadhi ya wanafunzi hao ni wajukuu wa wanaushirika.

Kilichonikera zaidi ni kwamba stika zile zilichapishwa mjini kwa fedha ya mzazi, na nilipompigia simu alinijibu kwamba hayo ni mambo ya watoto na kwamba biashara ni ujanja. Mzazi mwenzangu, sikubaliani nawe, na shule hii haitafundisha hivyo maadamu mimi ndiye niliyekabidhiwa watoto hawa. Wanafunzi wahusika wamerudisha fedha za kila mnunuzi mbele ya gwaride, alama zao za kazi ya kikundi zimefutwa, na muhula ujao wataianza kazi hiyo upya kuanzia shambani. Siku ya kufungua shule kila mmoja wao aje na mzazi wake ofisini kwangu kabla ya kuingia darasani. Asiyekuja na mzazi hatapokelewa, na naomba pasiwepo mtu wa kunipigia simu kumwombea.

Kuhusu mahudhurio, madarasa ya masoko hufanyika Ijumaa mchana, na daftari la getini linaonyesha kwamba kuna wazazi wanaowaombea ruhusa watoto wale wale kila Ijumaa, leo msiba, wiki ijayo hospitali. Nilipofuatilia, baadhi walisema wazi kwamba somo hilo halimo katika mtihani wa Taifa, hivyo halina faida. Ni kweli Baraza la Mitihani halitalitahini, lakini mtoto aliyelichagua ameahidi kufanya kazi na wenzake, na kikundi kilichoachwa na mtu wake wa hesabu Ijumaa tatu mfululizo hakiwezi kupanga bei. Kuanzia Julai, ruhusa ya Ijumaa mchana itatolewa na mimi mwenyewe, kwa uthibitisho.

Kuhusu ada, wapo ambao hadi leo hawajamaliza hata awamu ya kwanza, na wapo walioacha mchango wa safari za mafunzo ulipwe na wazazi wengine. Basi halitembei bila mafuta, wala mpishi hawezi kusubiri mshahara hadi mvua ziishe. Aliye na shida ya kweli namheshimu, na mlango wangu uko wazi kupanga naye ulipaji wa kidogo kidogo. Tayari tumefanya hivyo na familia kadhaa, nazo zinatimiza ahadi. Ninayemlalamikia ni yule mwenye uwezo ambaye hapokei simu ya mhasibu, kisha siku ya maonyesho anakaa mstari wa mbele na kupiga picha. Mwanafunzi ambaye ada ya muhula wa kwanza haijakamilika, na ambaye mzazi wake hana makubaliano ya maandishi na shule, hataruhusiwa kuripoti.

Mabweni yatafunguliwa siku moja kabla ya masomo kuanza mwezi Julai. Kila mwanafunzi aje na risiti halisi ya benki, sare kamili, na fomu ya kuchagua fani ya masoko iliyosainiwa na mzazi. Fomu hizo zimeambatishwa kwenye ripoti.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkuu wa Shule