Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama wa chama cha wapanda miti, Goma

Wapendwa wanachama, wababa na wamama,

Kazi za kawaida mnazijua, sitazirefusha. Vitalu viwili vimetoa miche ya mikaratusi na grevilea, imegawanywa kabla ya mvua za Septemba. Njia za kuzuia moto zimefyekwa. Mafunzo ya tanuri la makala, yaani mkaa, yamefanyika mara mbili. Tuko wanachama 112: waliolipa mchango wote 43, waliolipa nusu 20, wasiotoa hata franka moja 49. Zilipaswa kuingia dola 2.688, zimeingia 1.272. Hesabu iko kwa mweka hazina, kila mtu aende asome jina lake.

Sasa niingie kwenye jambo lililofanya niitwe dikteta katika grupu ya WhatsApp.

Mwezi wa tatu mkutano ulipiga kura akiba yetu iwe malipo ya kwanza ya mashine ya kukatia miti, iliyokwisha kutumika Ulaya. Malipo hayo niliyasimamisha kwa sahihi yangu peke yangu. Ndiyo, bila kurudi kwenu. Mkutano wa dharura nilikuwa nimeuitisha wiki mbili kabla, wakaja watu 9. Je, ningeviuliza viti?

Wengi mmeiona kwenye simu: mti unakumbatiwa, unalala, unatoka magogo, dakika moja haijaisha. Ni kweli inafanya hivyo. Ina uzito wa tani 20 hivi na mkono wa kufika mita 10, na kwenye ncha ya mkono unaning'inia kichwa kinachoweza kupita tani moja. Kichwa ndicho mkataji. Visu vilivyopinda vinashika shina, magurudumu ya meno yanalibana, msumeno wa mnyororo unachomoka chini kama kisu cha kukunja, unakata, unarudi ndani. Halafu magurudumu yanalivuta shina kupita kwenye visu, matawi yanapukutika, huku kigurudumu kidogo kikihesabu urefu na kompyuta ikisoma unene kwa jinsi visu vilivyofunguka. Kipimo hicho nacho hudanganya: ganda likiwa legevu kigurudumu kinateleza, na nguzo inatoka na urefu usio wake. Ndiyo maana wenye kazi hiyo hupima magogo machache upya kwa mkono. Na mashine hiyo haibebi kitu. Nyuma yake lazima ije ya pili, ya kukusanya magogo na kuyafikisha barabarani. Walioleta bei hawakuitaja ya pili.

Mtaniambia Brazili wanakata mikaratusi hivyo hivyo. Kweli, hata ganda wanalitoa kwa kichwa kile kile, shina likizungushwa mbele na nyuma. Lakini kule ni tambarare, mistari imenyooka, miti ya umri mmoja, hekta maelfu. Sisi tuna nusu hekta hapa, robo kule, mlimani, na mashine ya tani 20 ipite juu ya madaraja yetu ya miti! Shina la sentimita 12 linaichukua muda unaokaribiana na la 25, na mazutu (dizeli) inakunywa lita 12 hadi 20 kwa saa, gogo liwe nene au jembamba.

Halafu mawe. Mnyororo wa kichwa kile unakimbia karibu mita 40 kwa sekunde. Kwetu kisiki kimezungukwa na lava. Meno yakigusa jiwe mara moja, yamekwisha. Mnyororo ukikatika, kipande huruka kama risasi, ndiyo sababu dirisha la shofa ni plastiki nene na hakuna anayeruhusiwa kukaribia. Mnajua mashamba yetu yanavyojaa watoto wa kuokota kuni. Na ukikata juu ili kukwepa mawe, machipukizi yanashika juu ya kisiki, upepo unayang'oa.

Picha ya mashine hiyo niliyotumiwa niliikuza kwenye simu: pale kichwa kinapofungwa kwenye mkono, mipira ya kupitisha mafuta imelowa na vumbi limegandia. Mipira ile inabeba mgandamizo wa zaidi ya bari 200. Mmoja ukipasuka, mafuta yote chini; uchafu ukiingia wakati wa kuubadilisha, unakula pampu. Piesi tungezipata wapi, na lini?

Badala yake tumenunua tronsoneze 2, yaani misumeno ya injini ya kushika mkononi, kofia, suruali za kinga na tirifori, winchi ya mkono ya kuvutia miti iliyoegemea. Wazo hilo lilikuwa langu, na liandikwe. Wachonga chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, na wenye makala wote wamefaidika: kisiki kinakatwa sentimita 10 kutoka chini, kwa mteremko ili maji yasilale. Tronsoneze moja imekwisha kuunguza pistoni, kwa sababu mtu alimimina esansi (petroli) tupu. Ni sehemu 1 ya mafuta ya injini kwa 50 za esansi, nimebandika karatasi mlangoni. Siku ya mafunzo walikuja 14. Kosa hilo si la komite.

Mwaka ujao tunatumaini kupata mashine ndogo ya kupasulia mbao, Mungu akipenda na mfadhili akipatikana.

Wenye madeni walipe kabla ya mkutano wa uchaguzi. Asiyelipa hatapiga kura, ndivyo katiba yetu inavyosema. Funguo za stoo ziko kwa mweka hazina, haziko kwangu kama inavyosemwa.

Mwenyekiti