Hao milioni 2 wanapitia wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini. Wiki iliyopita pale Kibirizi, Kigoma, tukisubiri boti ijae, kijana mmoja alitusomea kwenye simu kwamba watalii wa kigeni walioingia nchini mwaka 2024 walipita milioni 2, ilhali mwaka 2020, wakati wa korona, hawakufika hata laki 7. Mama muuza migebuka akauliza, "Sasa hao wote wanapitia wapi?" Tulicheka, lakini swali limenikaa.

Mimi ni nahodha. Napeleka watu Gombe, hifadhi ya sokwe kando ya Ziwa Tanganyika, na kijiji jirani cha Mwamgongo tangu sijaota ndevu. Wazungu ninaowapakia Julai nzima, na huo ndio msimu, nawahesabu kwa vidole. Wengine wote wako Serengeti na Ngorongoro, kisha Unguja kuogelea. Hata wa Mahale, hifadhi iliyo mkoani kwetu, wengi hushushwa na ndege ndogo huko huko porini. Kigoma mjini hawanunui hata maji.

Wapo wanaosema basi Gombe nayo ijazwe. Hapo nabisha. Gombe haifiki kilomita za mraba 60. Serengeti inaimeza zaidi ya mara 250. Tena sokwe si nyumbu: mafua yako yanaweza kumuua. Mwaka 1966, mtafiti wa sokwe Jane Goodall akiwa hapo hapo, ugonjwa mfano wa polio uliwalemaza sokwe kadhaa. Ndiyo maana mwenye kikohozi haruhusiwi kuwafuata.

Mwaka juzi nilimrudisha Mholanzi mmoja aliyekuwa anapiga chafya. Alinuna ziwa zima! Kesho yake nikampeleka Ujiji, kwenye miembe ya Livingstone na Stanley, akala ugali kwa dagaa, akaomba kwenda kuona wavuvi wakiwasha taa usiku. Akakaa siku nne. Mama lishe alipata, bodaboda alipata, mimi nilipata, na sokwe hata mmoja hakumwona.

Wageni wa namna hiyo ndio tunaowataka: wachache, walale. Kwa hiyo, Mhariri, mkiandika takwimu za utalii msituishie kwenye jumla ya taifa. Tuandikieni hifadhi kwa hifadhi, na mgeni alilala siku ngapi, wapi. Mama wa migebuka kila asubuhi ananiuliza kama gazeti limemjibu.

Nahodha wa boti,
Kibirizi, Kigoma