Steki Yako Haikukaangwa, Ilichemka

Sahibu yangu,

Salamu, na pole kwa chakula cha Jumamosi. Barua yako nimeisoma mara mbili: nyama ilitoka ya kijivu, sosi ikakatika, maharage mabichi ya maganda yakageuka rangi ya majani makavu. Nianze na nyama, maana yenyewe iliharibika kabla hata hujawasha jiko.

Unasema ilitoa povu na maji yakajaa kikaangoni. Basi hapo haikukaangwa, ilichemka. Maji yakichemka hayapandi kupita nyuzijoto 100, ilhali ile rangi ya kahawia na harufu yake huanza kujitokeza vizuri karibu na 140. Maadamu kuna maji chini ya nyama, moto wote unaishia kuyageuza kuwa mvuke, na nyama inaiva ndani huku nje ikibaki kama ya supu. Badiliko hilo la rangi limepewa jina la Mfaransa Louis-Camille Maillard, aliyelieleza mwaka 1912: asidi amino (vijenzi vya protini) na sukari zilizomo kwenye nyama zinakutana penye joto kali na kuzaa ladha ambazo nyama mbichi haina. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kuondoa maji.

Mwambie mwenye bucha akukatie vipande vyenye unene wa sentimita tatu, gramu 300 hivi kila kimoja. Chembamba cha sentimita moja na nusu kinaiva ndani kabla hakijapata rangi nje. Sarara ni laini lakini haina mafuta, kwa hiyo ladha yake ni ya upole. Mimi naona nyama ya mbavuni yenye michirizi ya mafuta inasamehe makosa zaidi.

Chumvi ina nyakati mbili tu: ama dakika 40 au zaidi kabla ya kukaanga, ama muda uleule unapoiweka nyama kikaangoni. Katikati ya hapo ndipo penye balaa. Itazame nyama uliyoinyunyizia chumvi. Baada ya dakika tano inaanza kutoa jasho, vitone vidogo vinavyong'aa. Zikifika 15 imeloa kabisa, na ukiikaanga wakati huo unakaanga maji. Ukiiacha, jasho linayeyusha chumvi, kisha linafyonzwa kurudi ndani pamoja nayo. Baadaye uso wa nyama unakuwa mwekundu uliokoza, na ukiugusa kwa kidole unanata kidogo. Hapo ndipo pa kupasubiri. Nusu kijiko cha chai cha chumvi laini kinatosha kipande cha gramu 300, pande zote hadi kingoni. Ukiwa na nafasi, itie chumvi jana yake uilaze kwenye friji juu ya wavu bila kuifunika; hewa ya friji inakausha kuliko kitambaa chochote. Na hata hivyo, kabla ya kukaanga igandamize kwa tishu za jikoni mpaka tishu itoke kavu. Pilipili manga iache kwanza, inaungua na kuwa chungu.

Lile la kuitoa nyama kwenye friji nusu saa kabla ili "ipungue ubaridi" lisikusumbue. Kipande kinene hakipati joto la maana kwa nusu saa.

Kikaango kiwe cha chuma, kizito. Kile chepesi kinapoteza joto mara tu nyama baridi inapokigusa, na kile kisichoshika chakula hakifai kwa moto mkali wala hakiachi ukoko, na ukoko tunauhitaji kwa sosi. Kipashe moto dakika tatu au nne, tia kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya alizeti, na ungoje mafuta yaanze kutembea kama maji na kutoa uzi wa kwanza wa moshi. Siagi bado, yabisi ya maziwa iliyomo inaungua mapema. Laza nyama ukianzia upande ulio karibu nawe kuelekea mbali, mafuta yasikurukie, na uigandamize kwa koleo sekunde kumi ili iguse chuma kote. Kati ya kipande na kipande pabaki vidole viwili. Vikibanana, mvuke hauna pa kutokea, na tumerudi kwenye supu. Kama kikaango ni kidogo, kaanga kimojakimoja.

Wengi watakwambia ugeuze mara moja tu. Usiwasikilize. Geuza kila baada ya dakika moja: joto linaingia taratibu kutoka pande zote mbili, na ule utepe wa kijivu chini ya ganda unakuwa mwembamba. Kipande cha sentimita tatu kinachukua dakika 7 hadi 10 kwa jumla. Ukingo wenye mafuta usimamishe kwa koleo dakika moja na nusu, mpaka mafuta yayeyuke na kupata rangi. Dakika mbili za mwisho punguza moto, tia gramu 20 za siagi, punje mbili za kitunguu saumu zilizopondwa na tawi la rozmari kama unalo. Inamisha kikaango, chota siagi inayotoa povu uimwagie nyama juu, tena na tena.

Itoe lini? Chomeka kipimajoto kutoka ubavuni mpaka katikati. Ukitaka iwe nyekundu na yenye maji, toa kwenye 52. Ya waridi, 57. Iliyoiva kabisa, 67. Ikiwa nje ya moto joto la ndani linapanda tena nyuzijoto tatu au nne, ndiyo maana anayengoja ifike pale anapopataka huwa amechelewa. Wizara ya Kilimo ya Marekani inashauri 63 na kupumzisha dakika tatu, na mjamzito mpikie iive kabisa. Ule mtindo wa kubonyeza kwa kidole siuamini, kila nyama ina ugumu wake. Kama huna kipimajoto, chanja kidogo uangalie. Hakuna kitakachoharibika: ile imani kwamba ganda la nje "linafunga" maji ndani ilienezwa na mkemia Mjerumani Justus von Liebig mwaka 1847, na si kweli. Nyama yenye ganda zuri kabisa bado inavuja kwenye sahani. Ganda ni kwa ajili ya ladha.

Ipumzishe dakika tano hadi nane juu ya wavu, usiifunike. Ukiifunika, mvuke unalainisha ganda ulilolihangaikia.

Dakika hizo ndizo za sosi. Mwaga mafuta ubakishe kijiko kimoja. Chini utaona ukoko wa kahawia umeng'ang'ania chuma. Ukiwa mweusi na unanuka masizi, osha kikaango uanze na siagi mpya, maana uchungu huo hautoki. Ukiwa wa kahawia, tia kitunguu maji kidogo kilichokatwa laini sana, moto wa wastani, dakika mbili. Kisha mililita 150 za supu ya mifupa isiyo na chumvi, na ukwangue kwa mwiko wa mbao. Supu ya vidonge ina chumvi nyingi, na ikipungua kwa nusu chumvi inakuwa maradufu. Ukilazimika, nusu yake iwe maji. Chemsha mpaka ukipitisha mwiko katikati unaacha njia, na njia hiyo inachelewa kidogo kuziba.

Hapa ndipo ilipokatika yako. Zima jiko, ngoja povu litulie, ndipo utie gramu 30 za siagi baridi, vipande viwili viwili, ukizungusha kikaango bila kukoma. Siagi baridi inayeyuka polepole na matone yake yanashikana na supu kuwa rojo lenye kung'aa. Ukiitia ikichemka, au ukirudisha sosi motoni kuipasha, mafuta yanajitenga na kuelea. Ikitokea, tia kijiko kimoja cha maji baridi na upige kwa nguvu. Mara nyingi inarudi. Malizia na haradali nusu kijiko cha chai, siki matone machache, pilipili manga iliyotwangwa, na yale maji yaliyovuja chini ya nyama iliyopumzika. Chumvi onja mwisho.

Mboga nimezichelewesha barua nzima, ila jikoni zinatangulia nyama. Lita tatu za maji zichemke kwa fujo na vijiko vitano vya chai vya chumvi, kisha gramu 250 za maharage mabichi, dakika tatu au nne, bila mfuniko. Yako yaligeuka rangi kwa sababu mbili: uliyafunika, na ulitia limau mapema. Mboga zikipikwa zinatoa asidi, na mfuniko unairudisha chunguni. Asidi inaing'oa magnesi kwenye ile rangi ya kijani, na ikishang'oka inabaki rangi ya zeituni. Yatoe yakiwa bado yanakatika "tak" menoni, tumbukiza kwenye maji ya barafu, chuja, kausha. Nyama ikipumzika, yarushe kwenye kikaango kingine na siagi kidogo dakika moja, na limau liingie mezani. Brokoli ni vivyo hivyo. Spinachi haihitaji maji kabisa: gramu 400 kwenye kikaango cha moto, dakika moja na nusu, zikamue, na usishangae zikibaki konzi mbili.

Kata nyama kukingama na nyuzi zake. Sosi imwage chini ya nyama, si juu, ganda lisilowe, na sahani iwe ya moto, maana siagi inaganda upesi.

Ukijaribu tena niandikie, na unitajie kikaango chako ni cha aina gani. Nina wasiwasi nacho.

Wasalaam,
Rafikiyo