Malalamiko: kukataa kumjazia kaka yangu fomu za fidia ya mapafu

Kwa uongozi wa kampuni,

Habari za kazi. Nawaandikia kuhusu kaka yangu aliyekuwa anapiga drili kwenye machimbo yenu ya granaiti hapa Dodoma. Jibu lenu tumelipata, mnasema hamjazi fomu za WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi) kwa sababu aliacha kazi akiwa mzima, kifua kimeanza kumsumbua akiwa nyumbani kwake, kwa hiyo hakiwahusu. Jamani, huu ugonjwa wa silikosisi, yaani mapafu kuota makovu kwa vumbi la mawe, ndo ulivyo.

Granaiti ina silika nyingi, yale madini yaliyomo hata kwenye mchanga. Mkitoboa jiwe kavu bila maji, lile vumbi zito mtu analitema na makohozi, ila kuna jingine jicho halilioni, chembe za chini ya mikroni 10 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) na hasa zile za chini ya 4, hizo zinashuka mpaka mwisho kabisa kwenye vifuko vya hewa. Huko kuna seli walinzi, daktari alituambia zinaitwa makrofeji, kazi yake kumeza uchafu na kuumaliza. Sasa silika haimeng'enyeki. Seli ikishaimeza, ile chembe inapasua kifuko cha kumeng'enyea kilichomo ndani ya seli, seli inamwaga kemikali za kuleta uvimbe halafu inakufa, na ikifa chembe inatoka nzima vilevile, inakuja seli nyingine inameza, nayo inakufa, hivyohivyo mwaka hadi mwaka hata kama mtu hajasogelea tena jiwe. Na kemikali hizo ndo zinaamsha seli za kutengeneza kolajeni, ile protini ya makovu, ambazo kawaida zinafunga kidonda zikaacha, hapa haziachi kwa sababu chembe bado ipo, pafu linajaa vinundu vigumu vya makovu, na kovu halipitishi oksijeni.

Sasa niambieni, aliondoka kwenu mzima kivipi wakati vumbi la machimbo yenu alikuwa nalo kifuani?

Eksirei imeonyesha silikosisi na tumeambiwa makovu hayo hayaondoki. Kabla ya hapo alishapewa dozi za TB wakati makohozi kila yakipimwa hayana kitu, na TB yenyewe sasa ni rahisi kumpata maana seli za kupambana nayo ndo hizohizo zinazokufa. Na sigara mliyouliza, hajawahi kuvuta.

Halafu yale maziwa. Kila jioni mlikuwa mnawagawia pakiti eti yasafishe kifua, na watu wakaamini kwa sababu bosi ndo kasema. Maziwa yanaenda tumboni, hayafiki kwenye mapafu hata tone! Hela hiyo ingeleta bomba la maji kwenye drili, vumbi likalowa palepale tunduni, na drili za maji zipo tangu mwisho wa karne ya 19, sio kitu cha kusema hamkijui. Badala yake walikuwa wanajifunga vitambaa usoni, na chembe hizo zinapita kwenye kitambaa bila shida.

Tunataka mjaze fomu, na mtupe barua inayoonyesha miaka aliyofanya kazi na kwamba alikuwa mpiga drili, sio "kibarua" kama mlivyoandika. Na hao vijana mlionao leo wapelekeni eksirei sasa, msisubiri wakohoe, maana kikohozi kikija makovu yameshakaa.

Nimeambatanisha eksirei na cheti cha daktari. Mjibu kwa maandishi, sio kwa simu, la sivyo tunaenda wenyewe WCF na OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi).