Mnatupeleka Ukerewe, Kitereza mnamruka

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu kwa miaka mingi na sijawahi kuwaandikia. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Ile habari yenu ya vivutio vya Ukerewe, kisiwa chetu cha Ziwa Victoria, ilitaja fukwe, ikataja nyumba ya chifu pale Bukindo, ikataja hadi jiwe linalocheza kule Ukara. Mwandishi Aniceti Kitereza hakupata hata mstari mmoja.

Huyu ndiye aliyemaliza kuandika kitabu cha riwaya, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kwa Kikerewe mwaka 1945, asipate wa kumchapishia. Akakaa chini akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kitabu kikatoka mwaka 1980, na mwaka uliofuata mzee akafariki. Miaka 35 ya kungoja haikutosha, bado tunamngojesha.

Mwaka jana nilivuka na mjukuu wangu wa kidato cha tatu hadi Nansio, makusudi nimwonyeshe alikoishi mtu huyu. Gatini tukapokewa na kijana anayetembeza wageni. Akatutajia bei ya Bukindo, bei ya Ukara, bei ya kupigwa picha ndani ya mtumbwi. Nikamwambia sisi tunakwenda kwa Kitereza, Kagunguli. Akaniuliza, "Huyo aligombea ubunge mwaka gani, mzee?" Mjukuu akanitazama. Mhariri, nimeshika chaki maisha yangu yote na sikumbuki kuona aibu kama ile. Kijana simlaumu. Amezaliwa kisiwani humo humo, amesoma humo humo, na hakuna mwalimu, diwani wala mwandishi wa habari aliyewahi kumtamkia jina hilo. Tukachukua bodaboda tukaenda wenyewe. Njia nzima sikuona kibao chenye jina lake. Huyu anatuelekeza kanisani, yule shuleni, mpaka bibi mmoja aliyekuwa anaanika mihogo akasimama kutuonyesha kwa mkono, huku akishangaa, maana wanaoulizia huko, alisema, ni Wazungu. Hatukukaa sana, meli ya kurudi haimsubiri mtu.

Tuliporudi mjini mjukuu akataka kitabu chenyewe. Duka la kwanza nililoingia, muuzaji alinionyesha rafu nzima ya vitabu vya maswali na majibu ya mitihani. Riwaya? Hazitoki, mzee. Mjerumani anakisoma kwa lugha yake tangu miaka ya 1990, msomaji wa Kiingereza tangu 2002, mtoto wa Mwanza anaambiwa hazitoki! Halafu tunakaa vikaoni kulalamika kwamba vijana hawasomi.

Nairobi, nyumba aliyoishi mwandishi Karen Blixen hadi 1931 imekuwa makumbusho tangu 1986, na watu wanalipa kiingilio kuona vyumba vya mgeni aliyekaa kisha akarudi kwao Denmark. Wetu ni wa hapa hapa.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi. Kitereza na mkewe, Anna Katura, walizika watoto wao wote. Kitabu chake kinasimulia mume na mke wanaohangaika kupata mtoto, na aliyekiandika hakuacha mtoto wa kumfagilia uwanja. Sasa nani amfagilie, kama si sisi tuliomsoma?

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inampa Waziri mamlaka ya kutangaza mahali kuwa kumbukumbu ya taifa. Aitumie. Lakini kabla karatasi hazijamaliza kuzunguka maofisini, yafuatayo yanawezekana mwezi huu: kibao gatini Nansio, mkabala na dirisha la tiketi, chenye jina lake, mshale na idadi ya kilomita, mabenchi mawili ya mninga kule Kagunguli, kivulini, na nakala moja ya kitabu ifungwe kwa mnyororo mezani, ili kila anayefika asome ukurasa wa kwanza kwa sauti. Mbao nitatoa mimi. Fundi ninaye hapa Igoma, anachosubiri ni vipimo.

Mwalimu mstaafu,
Igoma, Mwanza