Msiitume kwanza ile barua

Capri Point, Mwanza

Ndugu yangu Masalu,

Mwangaluka. Mama Kulwa hajambo? Salamu nyingine baadaye, maana habari ya yule Mchina wa vizimba vya samaki imeninyima raha. Eti barua ya mkurugenzi wa halmashauri inampa siku 7 aondoke? Mzuieni mkurugenzi.

Tanzania na China zilisaini mkataba wa kulinda uwekezaji mwaka 2013, ukaanza kutumika 2014. Mwekezaji akiona kanyang'anywa mali bila fidia, anayeshtakiwa ni Tanzania, si halmashauri. Mazungumzo yakigonga mwamba kwa miezi 6, anaweza kwenda kwa wasuluhishi wa kimataifa. Na tuzo (yaani hukumu) ya ICSID, kituo cha Benki ya Dunia cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji, haina rufaa. Unaweza tu kuomba ibatilishwe, kwa sababu chache mno.

Tazama Nigeria. Jimbo la Ogun lilivunja mkataba na kampuni ya Kichina ya Zhongshan mwaka 2016, na polisi wakahusishwa. Mwaka 2021 ikaamriwa Nigeria ilipe zaidi ya dola milioni 55, mbali na riba. Haikulipa, na Agosti 2024 ndege za serikali yake zikazuiwa Ufaransa. Na aliyeanza ni jimbo!

Wala msijikinge na sheria yetu ya maliasili ya 2017, iliyokataza migogoro ya maliasili kupelekwa nje. Leseni ya mradi wa nikeli wa Ntaka Hill ilifutwa kwa sheria za hapahapa, lakini 2023 tukaamriwa kulipa dola milioni 109.5, tukamalizana kwa 90. Wawekezaji wale hawakuwa Wachina, ila njia ni ileile.

Simtetei. Wavuvi wa mwalo wenu wana haki ya maji safi, na mchafuzi anafungiwa. Ubaya ni kumfungia kiholela. Kwa hiyo chukueni BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, orodha ya wanahisa, maana Mchina mwenye hisa kwenye kampuni iliyosajiliwa hapa anaweza kudai kwa jina lake. Andikeni kosa lenyewe: maji yamechafuka wapi, nani kapima, kibali kinasemaje. Mpeni muda wa kujieleza na kurekebisha, ajibu kwa maandishi. Diwani asitangaze mkutanoni kwamba "lazima aondoke". Maneno hayo yatasomwa mbele ya wasuluhishi. Akileta notisi ya mgogoro, igongeni muhuri wa tarehe siku hiyohiyo, iende kwa Wakili Mkuu wa Serikali. Ikilala kwenye droo, miezi ya mazungumzo inayoyoma bila mtu kuzungumza. Hapo ndipo wengi wanapoumia, Masalu, si kwenye kesi.

Mkurugenzi ameshasaini au bado? Vipimo vya maji vipo, au ni maneno ya mwaloni? Kibali chake kinaisha lini? Mwanasheria wenu ameuona huo mkataba? Na Neema, amerudi?

Wako,
Nestory