Kikao cha pochi ya kidijitali kimesogezwa

Habari zenu wapendwa. Kikao cha Alhamisi, cha pochi yetu ya kulipia ndani ya uhalisia pepe (ulimwengu wa kompyuta unaouingia kwa miwani maalumu), sasa ni Jumamosi, saa 2:00 usiku, kwa simu ya video. Kiungo nitakituma hapa saa 1:30.

Jambo kubwa ni namba ya siri. Humo, mikono ya avata (umbo linalokuwakilisha) hufuata mikono yako, hivyo aliye karibu anaweza kusoma unachobofya. Hilo linanikosesha usingizi, kwa kweli. Kila mmoja aje na mchoro wa kuthibitisha malipo bila kubofya namba hewani. Na kutazama kitufe pekee kusihesabiwe kuwa idhini; macho hutangatanga. Mengine ya kuandaa, kwa kila kundi:

1. Wabunifu: mwonekano wa risiti.
2. Waandaa programu: kurejesha malipo yaliyokosewa.

Tafadhali andika "Nipo" au "Sitakuwepo" kabla ya Ijumaa saa 12 jioni. Asanteni sana.